Binti wa Koplo Lugendo na Fungu la Kuinua

Ilikuwapo nchi moja, wala si zamani sana, maana wino wa mihuri yake bado haujakauka, nayo iliitwa Heriadi. Nchi hiyo ilikuwa na amani kuliko nchi zote za dunia. Amani yake ilikuwa nyingi hata ikabidi ipelekwe mpakani kwa malori kila mwezi, pamoja na bunduki za kuilinda isimwagike njiani. Kule mpakani, ng'ambo ya mto, askari wa Heriadi walikuwa katika Mazoezi ya Ujirani Mwema kwa mwaka wa sita mfululizo, na majirani nao walishiriki mazoezi hayo kwa bidii, kwa mizinga. Vita haikuwapo. Neno lenyewe lilikuwa limefutwa katika kamusi za shule, na kila mwalimu alipewa kalamu nyeusi ya kulifutia, akatia sahihi kuipokea.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mwasiti, mke wa Koplo Lugendo. Koplo alikuwa mazoezini. Mwasiti alikuwa akipasua kokoto kwenye machimbo yaliyo nyuma ya kambi, kwa kuwa mshahara wa koplo ulitoka makao makuu ukiwa mnene na kufika nyumbani ukiwa mgonjwa. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, jina lake Sikudhani, ambaye mtaa mzima ulimwita Siku.

Serikali ya Heriadi ilikuwa na huruma, na hilo tusilikane. Mwaka huo ilitangaza kwamba kila shule itapewa fungu la ziada kwa ajili ya watoto wa aina mbili: watoto wa mafukara, kwa sababu hawana kitu, na watoto wa askari, kwa sababu baba zao hawapo. Likaitwa Fungu la Kuinua. Mwasiti alilisikia kwenye redio ya mwenzake pale machimboni. Akaweka nyundo chini.

"Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Wametukumbuka."

Na kweli walikuwa wamekumbukwa.

*

Uzinduzi ulifanyika Shule ya Msingi Tulizana, shule aliyosoma Siku. Yaliletwa maturubai matano, viti vyenye vitambaa, na keki yenye umbo la darasa. Darasa la keki lilikuwa na madirisha, tofauti na yale mengine. Mheshimiwa Mng'aro, Waziri wa Elimu, Uinuaji na Matumaini, alisimama mbele ya kipaza sauti, akakohoa, kikohozi kikapigiwa makofi.

"Ndugu wananchi," alisema, "hili si fungu la kugawa. Hili ni fungu la kuinua! Na kuinua ni kitendo. Wapo viongozi ambao wangetuma mtu aende akainue. Mimi sitatuma mtu. Nitainua mwenyewe, kwa mikono hii!"

Mwalimu mkuu, Bi Kalunde, alikuwa ameagizwa tangu juma lililopita atafute mtoto mwepesi, msafi, asiyelia ovyo. Alimchagua Siku. Waziri akamshika makwapani, akamnyanyua juu ya kichwa chake mbele ya wapiga picha.

"Angalia huku, mtoto!" akaita mpiga picha.

Siku akaangalia mlingoti wa bendera.

"Huku! Kwenye kamera!"

Siku akageuka, akaiangalia keki.

Mara ya tatu mikono ya Waziri ilikuwa ikitetemeka na jasho likimtiririka hadi kwenye tai. "Huyu mtoto ana nini?" akauliza huku amebana meno.

Bi Kalunde akasogea. "Mheshimiwa, haoni vizuri. Kwake mbali ni ukungu, karibu ni ukungu. Ameingia mwaka wa tatu darasani anasikiliza tu."

Waziri alikuwa mwepesi wa kufikiri, hasa mbele ya kamera. "Haoni!" akapaza sauti. "Ndugu wananchi, mmesikia wenyewe, mtoto haoni! Basi natamka leo hii, mbele yenu na mbele ya Mungu, kwamba huyu atakuwa nambari moja. Fungu litamnunulia miwani!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mwasiti, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na vumbi la kokoto kwenye nyusi, alilia bila kujificha. Picha ikatoka vizuri, na Siku akashushwa.

Kesho yake picha ilitokea ukurasa wa mbele. Waziri alikuwa akiitazama nchi, na Siku alikuwa akitabasamu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

*

Mwezi huo Koplo Lugendo alipata likizo ya siku nne. Alipoelezwa habari ya macho aliona aibu, maana kwa miaka miwili alikuwa akimgombeza binti yake kwa barua kuhusu alama zake.

"Kumbe tulikuwa tunamwita mzembe," akamwambia mkewe.

Asubuhi yake alichukua makaa jikoni, akatoka nje, akaanza kuandika herufi kwenye ukuta wa nyumba, kila herufi na ukubwa wa sinia. Mwasiti alitaka kumkataza, maana ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya, lakini alipomwona Siku amesimama mbele ya ile A, anaifuata kwa kidole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akaingia ndani akaendelea kupika. Siku ya nne koplo aliandika maneno matatu yaliyozunguka nyumba pande tatu. Siku akayafuata kwa mkono ukutani, herufi kwa herufi, akapotelea nyuma ya nyumba, akatokea upande wa pili akipiga kelele:

"SIKU NI WANGU! Mama, imeandikwa Siku ni wangu!"

Koplo akafunga viatu vyake, akambeba binti yake hadi lango la kambi, akapanda lori.

*

Ofisi ya Fungu la Kuinua ilikuwa na madirisha mawili na mtumishi mmoja. Dirisha la kwanza lilikuwa la MAFUKARA. La pili lilikuwa la FAMILIA ZA ASKARI. Nyuma ya yote mawili alikuwapo Bwana Ndimbo, mtu mpole mwenye macho mekundu, na kiti alichokuwa akikiburuta kutoka dirisha moja hadi jingine.

Mwasiti alianza na la kwanza.

"Habari za kazi, bwana. Nimeleta fomu ya mwanangu, yule aliyeinuliwa na Waziri."

"Hongera, mama. Baba yake ana kazi gani?"

"Askari. Yuko mazoezini."

"Basi huyu si fukara."

"Bwana wangu, mimi napasua kokoto."

"Pole na kazi. Lakini Waraka wa Saba unasema askari wa Heriadi ni tajiri wa heshima. Mtoto wa tajiri hawezi kuwa fukara. Nenda dirisha la pili."

Mwasiti akapiga hatua tatu. Kwa ndani alisikia kiti kikiburutwa. Dirisha la pili likafunguka, na hapo alikuwapo Bwana Ndimbo, safari hii amevaa kofia.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Ni mimi, bwana. Tumeongea sasa hivi."

"Uliongea na dirisha la kwanza, mama. Huku hatujapata taarifa zako. Anza upya."

Akaanza upya. Bwana Ndimbo akapokea fomu, akaigonga mihuri minne, akamwandika Sikudhani binti Lugendo kuwa nambari moja katika daftari la watoto wa askari. Miwani ingefika mara tu baada ya kikosi kuleta cheti cha kuthibitisha kwamba baba yupo kazini, na cheti hicho kilitakiwa kiletwe upya kila miezi mitatu. Cha kwanza kililetwa. Miwani ikasemekana iko njiani. Cha pili kikaletwa. Miwani ikawa bado njiani, ila sasa ilikuwa imevuka daraja.

Cheti cha tatu hakikuja.

*

Aliyekuja alikuwa Sajini Chipande, Jumamosi moja saa nne asubuhi, akiwa amevaa nguo za kiraia na amebeba mfuko wa plastiki. Mwasiti alimfahamu, alikuwa ndiye aliyesimama na Lugendo siku ya harusi. Alimwona anavyoshindwa kuingia mlangoni, akajua.

"Kaa, shemeji," sajini akasema.

"Sikai. Sema."

"Ilikuwa Jumanne. Tulikuwa tunavuka mto. Hakuumia muda mrefu, shemeji, nakuapia. Nilimshika mimi. Nikamzika mimi, tulikuwa watatu, tumempangia mawe juu." Akasita. "Tumeapishwa tusiseme. Mimi sijafika hapa."

Ndani ya mfuko mlikuwa na mkanda, kijiko, na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne: Waziri na Siku juu ya kichwa chake.

Mwasiti hakutaka mtoto aje kusikia mtaani. Jioni hiyohiyo alimketisha, akamshika mikono, akamwambia kwa maneno yasiyo na kona: baba yako amekufa, hatarudi, Sajini Chipande amemzika. Siku alilia mpaka akalala, akaamka akaendelea pale alipoachia.

Majirani walikuja na mikeka na mchele. Hawajakaa vizuri, akafika Mzee Ngubi, mjumbe wa mtaa, kofia mkononi.

"Pole, mwanangu Mwasiti. Pole sana. Ila nauliza tu, huu msiba una kibali?"

"Kibali cha nini, mzee wangu? Mume wangu amekufa."

"Ndilo tatizo lenyewe. Wewe unajua mumeo alikuwa mazoezini. Mazoezini mtu hafi. Tukisema amekufa, watu watauliza ameuawa na nini, na tukisema ni nini, tutakuwa tumelitaja lile neno." Mzee Ngubi alikuwa na mtoto wake huko mpakani, na alipokuwa akisema haya hakumtazama mtu usoni. Akafikiri, kisha akatoa karatasi. "Naweza kuwaandikia kibali cha Hafla ya Kumngojea Aliyechelewa. Siku tatu. Chakula ruksa. Kulia ruksa, lakini mlie kwa namna ya kungojea."

Basi wanawake wa mtaa ule wakakaa siku tatu wakilia kwa namna ya kungojea. Askari wa doria wakipita, Mzee Ngubi aliwaonyesha kibali, nao walikisoma, wakavua kofia zao, wakapita kimya. Hawakuulizwa kwa nini wanavua kofia kwa mtu aliyechelewa.

Juma la pili ilifika barua ya makao makuu. Ilisema: *Koplo Lugendo amechelewa kurejea kutoka mazoezini. Jeshi linamtakia safari njema.* Mshahara ulisimamishwa, kwa sababu aliyechelewa hafanyi kazi.

*

Bi Kalunde alimpeleka Siku kwa daktari wa macho, kwa hela yake mwenyewe. Daktari alimwangalia mtoto, kisha akamwita Mwasiti pembeni.

"Mama, jicho la kushoto limeanza kukata tamaa," alisema. "Ubongo ukizoea kutolitumia, hata miwani haitalirudisha. Mna miezi michache. Msingoje mwaka uishe."

Mwasiti akarudi kwenye madirisha. La pili kwanza.

"Cheti cha kikosi?" akauliza Bwana Ndimbo, kofia kichwani.

"Hakuna. Mume wangu amefariki."

"Barua inasema amechelewa."

"Amefariki, bwana."

"Mama, aliyechelewa hayupo kazini, na asiyekuwepo kazini si askari, na asiye askari hana mtoto wa askari. Dirisha la kwanza."

Hatua tatu. Kiti. Kofia ikavuliwa.

"Mwandike basi kama yatima," Mwasiti akasema.

"Hati ya kifo ya baba?"

"Hawatoi. Wanasema hajafa."

"Basi si yatima."

"Mwandike fukara. Mshahara wamekata, tunakula mara moja."

Bwana Ndimbo akafungua daftari, akatafuta, akasikitika kwa dhati. "Huyu aliandikwa tajiri wa heshima mwaka huu huu. Kwa mujibu wa Waraka, heshima huchukua miaka mitano kumwisha mtu mwilini. Njoo baada ya miaka mitano, mama. Atakuwa fukara kamili."

"Atakuwa kipofu."

Bwana Ndimbo akafunga daftari. Kisha likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ofisi ile: mlango wa pembeni ulifunguka, akatoka nje mzimamzima. Mwasiti aliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na miguu, na kwamba alikuwa amevaa kandambili. Mkononi alishika fomu ya rangi ya udongo.

"Mama Siku," alisema kwa sauti ndogo, "sikiliza. Kuna Kifungu cha Kumi na Tisa. Serikali inawahurumia sana watoto waliotelekezwa na baba zao. Mtoto wa askari mtoro hupewa msaada papo hapo. Heshima yote inamwisha siku hiyohiyo. Miwani ipo stoo, nimeiona kwa macho yangu, ina jina lake."

"Mtoro?"

"Ni karatasi tu, mama. Mimi nina watoto watatu. Ningekuwa wewe ningesaini."

Mwasiti aliisoma ile fomu. Haikuwa ndefu. *Mimi, mke wa mtoro, nakiri kwamba mume wangu aliukimbia wajibu wake kwa woga.*

"Hapa paliposema kwa woga," akauliza, "hapawezi kufutwa?"

"Imechapwa hivyo."

Alikwenda nayo nyumbani. Alikaa nayo siku mbili, chini ya godoro mchana, mkononi usiku akiwa macho. Alijaribu kufikiri Lugendo angesemaje. Kuna wakati alimwona anacheka, anasema: saini mke wangu, mimi naona nini huku niliko. Kuna wakati alimwona amenyamaza tu, anafunga viatu vyake. Siku ya tatu Siku alijikwaa kwenye ndoo iliyokuwa mbele yake kabisa, akaanguka, akaiomba radhi ile ndoo akidhani ni mtoto wa jirani.

Mwasiti akaenda ofisini akasaini. Jina lake aliliandika polepole, na Bwana Ndimbo akawa anatazama ukutani mpaka alipomaliza.

*

Miwani ilifika baada ya siku tisa. Waziri hakuweza kuja, lakini alituma picha yake ya kadibodi, urefu wake kamili, mikono imeinuliwa, na Siku akasimamishwa chini ya mikono hiyo akavishwa miwani na Bi Kalunde.

Siku akageuza kichwa huku na huku. Alikaa amefungua kinywa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akisimama kila hatua chache.

"Mama, kumbe miti ina majani mojamoja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi nilijua ni kitu kimoja." Wakaenda. Akasimama tena, akamwinamisha mama yake, akamtazama uso. Akagusa kwa kidole. "Mama, una makovu madogo madogo hapa. Na hapa."

"Ni kokoto. Zinaruka."

"Sikuyajua," Siku akasema. "Una uso mzuri."

Kwa siku nne Mwasiti alifikiri kwamba pengine alifanya sawa. Mtoto alisoma kila kitu: majina ya maduka, maandishi ya kwenye mifuko ya saruji, gazeti lililofungia maandazi. Bi Kalunde alimsogeza dawati la mbele, kisha akaona hakuna haja, akamrudisha kwa rafiki zake.

Lakini Heriadi ilikuwa nchi ya uwazi. Sheria ilitaka majina ya wote waliopewa Fungu yabandikwe kwenye mlango wa shule, pamoja na sababu, ili mwananchi yeyote ajiridhishe. Jumatatu tangazo lilibandikwa. Mchana wa siku hiyo Mwasiti alikuwa machimboni aliposikia anaitwa kwa mbali, akamwona binti yake anakuja mbio, mkono mmoja ameshika miwani isidondoke.

Akajua mtoto amesoma. Akaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Mama!" Siku alikuwa akihema, na uso wote unacheka. "Mama, baba hajafa!"

Wanawake wote machimboni wakashusha nyundo.

"Nani kasema?"

"Imeandikwa! Mlangoni pa shule! Sikudhani binti Lugendo, miwani moja, baba mtoro. Nimesoma mwenyewe. Mtoro, mama! Hajafa, ni mtoro!"

"Siku..."

"Mashaka wa darasa la nne alikuwa mtoro mwezi mzima. Tukatumwa kumfuata, tukamkuta kwa bibi yake anakula miwa. Mtoro si mtu aliyekufa, mama. Mtoro ni mtu yuko mahali, ila hajaja."

Mwasiti akapiga magoti kwenye kokoto, akamshika mabega. "Siku, nisikilize. Nilikwambia. Baba yako amekufa. Sajini Chipande alimshika, akamzika kwa mikono yake. Lile tangazo ni mimi. Nilisaini uongo ili upate miwani."

Siku alimtazama mama yake kwa huruma, kama mkubwa anavyomtazama mtoto aliyechanganyikiwa. Akampangusa vumbi shavuni.

"Sajini hana mhuri, mama," alisema taratibu. "Lile lina mhuri. Tena lina sahihi tatu."

*

Mwasiti alimwendea Bi Kalunde. Mwalimu akamwita mtoto ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba lile tangazo halisemi kweli.

"Mwalimu," Siku akasema kwa adabu, "moja ya zile sahihi si ni yako?"

Bi Kalunde akainamisha kichwa. Jioni alilibandua tangazo, akalichana. Asubuhi alikuta limebandikwa jingine, nyuma ya kioo, na mezani kwake barua ya onyo.

Mwasiti akamwendea Bwana Ndimbo. Safari hii hakumwelekeza dirisha lolote. Alimsikiliza mpaka mwisho, kofia iko mezani.

"Ukisema ulidanganya, miwani inarudi stoo na wewe unakwenda ndani," alisema. "Ukisema amekufa, unakwenda ndani vilevile. Nani atabaki na mtoto? Mwache aone, mama. Mwache angojee. Wangapi wanangojea nchi hii."

Mwezi ule, kama miezi yote, malori yalirudi Ijumaa ya mwisho. Yalikuwa yakipita alasiri kwenye barabara ya kambi, yakiwa na askari waliochoka, wamekaa wamepangana, vumbi limewafanya wote rangi moja. Mwasiti alimkosa Siku nyumbani, akamkosa shuleni. Akamkuta amekaa juu ya lundo la kokoto kando ya barabara, miguu pamoja, mgongo umenyooka, miwani ameifuta mpaka inang'aa.

Lori la kwanza lilikuwa linapita. Siku alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya chini, bila kupepesa.

"Yule ana kovu. Siyo. Yule mzee. Siyo. Yule amelala... ngoja... siyo. Yule siyo."

"Twende nyumbani, mwanangu," Mwasiti akasema.

"Bado malori matatu."

"Siku. Mama yako anakuomba."

"Mama, kaa hapa." Siku hakugeuza kichwa, alikuwa akiitazama kona ambako lori la pili lingetokea. "Mimi nilikuwa namjua kwa sauti, na kwa harufu ya kiwi ya viatu. Uso wake sijawahi kuuona vizuri. Wewe unaujua. Nisaidie kuangalia, nisije nikamwacha akapita."

Ngurumo ya lori ikasikika nyuma ya kona. Mwasiti alisimama kitambo, mikono inaning'inia. Kisha akakaa kwenye kokoto karibu na mwanawe, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, na lori lilipotokeza akaanza kuangalia, uso mmoja baada ya mwingine.